Kamera zilikatazwa, brashi zikabaki: namna ya kusoma michoro ya kambi ya Topaz

Chuo Kikuu cha Utah kule Salt Lake City kina makumbusho yake ya sanaa, yanaitwa Utah Museum of Fine Arts, na humo ndani kuna kazi zaidi ya 30 za mzee mmoja anaitwa Chiura Obata. Mtu akipita haraka haraka anaona mandhari tu, mlima, mwezi, jangwa, wino mweusi uliopita kwa ustadi mkubwa, anasema hii nzuri, anasonga mbele. Mwingine akisikia kwamba mchoraji huyu aliwahi kufungiwa na serikali ya Marekani nyuma ya seng'enge na aliendelea kuchora humo humo, anabadilika ghafla, sasa kila mstari anausoma kama ushahidi wa mahakamani, kama vile ni picha ya kamera. Wote wawili wanakosea na nataka nieleze kwa nini, manake hii habari ya michoro ya vita inayotunzwa vyuoni watu wengi wanaichanganya sana, na ukiichanganya unawakosea waliochora na unawakosea waliochorwa.

Tuweke msingi kwanza, haraka tu. Japan iliishambulia Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941. Tarehe 19 Februari 1942 Rais Franklin Roosevelt akasaini amri namba 9066, na amri yenyewe ukiisoma haitaji Wajapani popote, inasema tu jeshi linaweza kutenga maeneo na kumwondoa humo mtu yeyote. Lakini walioondolewa kwa wingi kila mtu anajua ni akina nani. Watu kama 120,000 wenye asili ya Japan waliokuwa wanaishi majimbo ya pwani ya magharibi walibebwa, theluthi mbili yao wakiwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa, na wale wazee waliotoka Japan wenyewe sheria ilikuwa haiwaruhusu kuwa raia hata wakitaka, mlango huo ulifunguliwa 1952. Walipelekwa kwanza kwenye vituo vya muda, halafu kwenye kambi kumi zilizotawanywa sehemu za mbali huko. Topaz ilikuwa mojawapo, jangwani katikati ya Utah karibu na mji mdogo wa Delta, ikafunguliwa Septemba 1942 na kufungwa Oktoba 1945, na ilipojaa kabisa ilikuwa na watu zaidi ya 8,000 kwenye mabanda ya mbao yaliyofunikwa karatasi ya lami.

Sasa kwa nini michoro? Mwaka 1942 kamera zilikuwepo tele Marekani, familia za kawaida tu zilikuwa nazo. Jibu ni kwamba kamera pamoja na redio za masafa mafupi ziliingizwa kwenye orodha ya vitu ambavyo watu hawa hawaruhusiwi kuwa navyo, kwa hiyo picha nyingi za mwanzo tulizonazo zimepigwa na upande wa serikali au kwa ruhusa yake. Dorothea Lange, mpiga picha maarufu kabisa, aliajiriwa 1942 kupiga picha za zoezi hilo la kuhamisha watu, akapiga mamia, na hata yeye alikuwa na masharti: minara ya ulinzi, askari wenye bunduki na seng'enge visionekane. Na alipomaliza jeshi likazifungia picha zake mpaka vita vikaisha. Wapo waliovunja amri. Kambi ya Manzanar, Toyo Miyatake aliingiza lenzi kwa siri na kutengenezewa boksi la mbao la kuiwekea, na hapo hapo Topaz Dave Tatsuno alikuwa na kamera ndogo ya filamu ya milimita 8 iliyoingia kimagendo, mkanda wake leo upo kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa tangu 1996. Lakini hao ni wa kuhesabu. Penseli, mkaa, wino na rangi za maji hakuna aliyezikataza, kwa hiyo mambo mengi ya ndani, foleni ya chakula, bafu lisilo na pazia, mama anafua, vumbi linaingia kupitia sakafu, tunayaona leo kwa sababu kuna mtu alikaa chini akayachora.

Na hapo ndo mkanganyiko unapoanzia. Kwa sababu michoro imechukua nafasi ya picha, watu wanaipa kazi ya picha. Kamera lazima iwepo pale, hakuna namna, ila mkono unaweza kuchora kitu unachokiona sasa hivi, unaweza kuchora ulichokiona asubuhi, unaweza kuchora ulichosimuliwa na jirani. Karatasi tatu hizo zikilala kwenye droo moja ya chuo kikuu zinafanana kabisa, wino ule ule, sahihi ile ile. Tofauti yake huwezi kuiona kwa macho tu, inabidi uijue.

Tumchukue Obata mwenyewe tuone. Alizaliwa 1885 Japan, mkoa wa Okayama, akafundishwa uchoraji wa wino tangu mtoto, akaingia San Francisco 1903 akiwa kijana hajafika hata miaka 18. Tetemeko la 1906 lilipoiangusha San Francisco alitoka na kuchora magofu, yaani tabia ya kuchora janga likiwa bado la moto alikuwa nayo miaka 36 kabla ya kambi, hili ni jambo ambalo naona watu wanalisahau wanapomzungumzia kana kwamba kambi ndo ilimfanya mchoraji. Mwaka 1927 alikwenda Yosemite na kurudi na kazi zaidi ya 100. Kuanzia 1932 akawa mwalimu wa sanaa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, na yeye na mkewe Haruko, aliyekuwa mwalimu wa upangaji maua, walikuwa na duka lao mtaa wa Telegraph karibu na chuo. Baada ya Pearl Harbor duka hilo lilipigwa risasi. Akafunga duka, akauza michoro yake mingi, na hela haikwenda mfukoni kwake, alitaka iwe msaada wa masomo kwa mwanafunzi ambaye vita vimemuumiza zaidi kuliko wengine, wa rangi yoyote ile. Robert Sproul, rais wa chuo, akapokea michoro yake mingi na kuitunza nyumbani kwake. Kumbuka hilo la Sproul, nitalirudia.

Tarehe 30 Aprili 1942 familia ya Obata ikapanda basi kuondoka Berkeley. Siku hiyo hiyo kuna mchoro wa wino, mdogo, wa daraja la Bay Bridge, unaitwa wa kuliaga daraja. Huu ndo mchoro ninaoupenda kuliko wote na nitaueleza kidogo. Wino anaotumia unatengenezwa kwa masizi na gundi, umekaushwa kuwa kipande, unakisugua kwenye jiwe lenye maji kidogo mpaka unapata weusi unaoutaka, na ukishagusisha brashi kwenye karatasi basi, hakuna kufuta, hakuna kurudia, ukichelewesha mkono wino unasambaa, ukiharakisha unakatika. Mtu aliyefundishwa hivi kwa miaka 50 hahitaji muda mrefu, hahitaji meza, anahitaji dakika chache tu. Kwenye daraja lile mistari ni michache na ya haraka, huoni pambo lolote. Kwa hiyo huu ni ule wa aina ya kwanza, mtu yupo, kitu kipo mbele yake, na haraka ya safari imeingia kwenye mstari wenyewe. Ukiusoma kama ripoti unakuta daraja tu, hakuna askari hakuna kilio. Ila ukijua tarehe, na ukijua kwamba basi lilikuwa linaelekea Tanforan, unaelewa kwamba anachoaga ni maisha yake ya miaka karibu 40 kwenye ile ghuba.

Tanforan ilikuwa uwanja wa mbio za farasi, San Bruno, kusini kidogo ya San Francisco. Watu karibu 8,000 walirundikwa pale na wengi wao walilala kwenye mabanda ya farasi, sio kama farasi jamani, ni yale yale mabanda yaliyokuwa na farasi muda mfupi nyuma, yakapigwa chokaa juu juu mpaka na utando wa buibui na manyoya ya farasi vikapakwa chokaa humo humo ukutani. Magodoro walijaza wenyewe, gunia na majani makavu. Na katika mazingira hayo, mwezi ule ule wa Mei, Obata na wenzake kama George Matsusaburo Hibi wakafungua shule ya sanaa. Wanafunzi zaidi ya 600, watoto wa miaka sita wamo, wazee wamo, vifaa vinatoka kwa marafiki wa nje hasa watu wa chuo. Walipohamishiwa Topaz wakaifungua tena upya. Hii shule ina maana kubwa kwa mtu anayetaka kuelewa mikusanyiko ya leo, kwa sababu karatasi nyingi zinazojitokeza kwenye maboksi ya familia na kwenye hifadhi za vyuo bila jina zinaweza kuwa za wanafunzi, na mwanafunzi mara nyingi anachora alichoambiwa achore, tungi, jani, mlima ule unaoonekana kila siku. Ukikuta mlima mtulivu kutoka Topaz usikimbilie kusema aah huyu alikuwa anatafuta amani ya moyo, inawezekana kabisa ilikuwa somo la Jumanne.

Sasa nifike kwenye mchoro mgumu kuliko yote. Tarehe 11 Aprili 1943, jioni, mzee wa miaka 63 anaitwa James Hatsuaki Wakasa alipigwa risasi na mlinzi wa mnara akiwa karibu na uzio wa Topaz, akafa. Taarifa ya kwanza iliyotolewa ilisema alikuwa anajaribu kupita kwenye uzio. Uchunguzi ukaonyesha alikuwa ndani ya uzio, amegeukia upande wa mnara, na risasi imempata kifuani. Mlinzi alishtakiwa mahakama ya kijeshi akaachiwa huru. Obata ana mchoro wa wino wa tukio hilo, mtu amepinda mwili anaanguka karibu na seng'enge, na ukiuona mara moja hausahau, mgongo ule ulivyokunjika ni kama mfupa umekatwa kwa mstari mmoja.

Watu wanauweka mtandaoni huu mchoro kama ndo picha ya mauaji. Lakini angalia tarehe. Obata mwenyewe usiku wa tarehe 4 Aprili, wiki moja kabla, alivamiwa kambini na kupigwa kichwani, akalazwa hospitali ya kambi zaidi ya wiki mbili. Ilikuwa ni kipindi kibaya sana, serikali ilikuwa imeleta fomu ya maswali ya utii, swali la 27 linauliza uko tayari kutumikia jeshi la Marekani, la 28 linakutaka uape utii na ukane utii wowote kwa mfalme wa Japan, na wazee ambao Marekani ilikataa kuwapa uraia wakiikana Japan wanabaki hawana nchi kabisa. Kambi ikagawanyika, majirani wakawa hawaaminiani, na Obata aliyekuwa anaonekana yuko karibu na uongozi akalipia. Kwa hiyo kwa hesabu ya tarehe tu, siku Wakasa anapigwa risasi Obata alikuwa kitandani. Hata jina la mchoro linamwita Hatsuki wakati nyaraka zinasema Hatsuaki, jambo ambalo linaendana kabisa na habari iliyopita mdomo kwa mdomo.

Je, mchoro umepoteza thamani? Hapana, na hapa ndo nataka msomaji asimame na mimi kidogo. Umehama tu, kutoka kuwa ushahidi wa namna Wakasa alivyoanguka umekuwa ushahidi wa namna kambi ilivyoamini kwamba ameanguka. Serikali imesema mzee alikuwa anatoroka, kambi nzima inasema hapana, na mtu mwenye mkono mzuri kuliko wote kambini, aliyelala na kidonda kichwani alichopigwa na watu wa kambi hiyo hiyo, akishika brashi anachora upande wa kambi. Kwangu mimi hilo ni zito kuliko angekuwa amesimama pale na kuona. Lakini ni zito kwa sababu nyingine, na chuo kinachouonyesha kisipoiandika hiyo sababu pembeni ya fremu kinamdanganya mtazamaji bila kusema uongo hata mmoja.

Kuna jiwe pia, naliingiza kwa kifupi. Rafiki za Wakasa walisimamisha jiwe la kumbukumbu pale alipoangukia, uongozi ukaamuru liondolewe, wakalizika ardhini. Lilibaki humo mpaka 2020 lilipotambuliwa na watafiti, na 2021 likafukuliwa, tena kwa namna iliyozua ugomvi mkubwa kwa sababu familia nyingi zilizotoka Topaz ziliona hazikushirikishwa. Ugomvi huo unafanana sana na ugomvi wa michoro, ni swali lile lile la nani ana haki ya kugusa.

Upande mwingine wa Obata unawasumbua watu kinyume chake: uzuri. Ana kazi ya 1942 ya mwezi juu ya Topaz, rangi za maji kwenye hariri, kambi imelala chini na mwanga umeenea, na kazi hiyo 1943 chama cha raia wenye asili ya Japan kilimpa zawadi Eleanor Roosevelt, mke wa rais aliyesaini amri. Sasa hivi ipo maktaba ya Roosevelt kule Hyde Park. Nimesoma watu wakilalamika kwamba kambi haikuwa nzuri kwa nini aichore nzuri, kwamba amewarahisishia kazi waliomfunga. Mimi siafiki. Mtu huyu alikuwa anachora mwezi tangu yuko Japan, alichora mwezi wa Yosemite, na alipofungwa akachora mwezi wa mahali alipofungwa, na kambi ameiweka ndani ya mchoro, hajaificha. Halafu ana karatasi nyingine za vumbi la Machi 1943 linavyomeza mabanda, na za Tanforan watu wanaongea na marafiki kupitia uzio wa waya. Anayetoa moja tu na kuiita ndo Obata, iwe ya mwezi au ya vumbi, anafanya uchaguzi ambao Obata hakuufanya.

Linganisha na Miné Okubo utaona mambo yanavyozidi kupanuka. Huyu alizaliwa Riverside, California, 1912, amesoma sanaa Berkeley mpaka shahada ya pili, amekwenda Ulaya kwa ufadhili wa chuo na kurudi 1939 vita vilipolipuka, na 1940 alifanya kazi pembeni ya Diego Rivera, mchoraji maarufu wa Mexico, kwenye maonyesho makubwa ya San Francisco. Yeye na kaka yake mmoja walipewa namba ya familia 13660. Tanforan walilala kwenye banda la farasi, na ili wageni wasimsumbue akichora alipigilia tangazo mlangoni kwamba kuna karantini ya ugonjwa. Alitoa michoro kama 2,000 kwenye kipindi chote hicho, mkaa, wino, rangi, na alisema wazi kwamba alichora kila kitu kwa sababu kamera haziruhusiwi.

Lakini ile mistari safi ya wino inayojulikana sana, ile iliyokuwa kitabu cha kurasa nyingi chenye michoro kama 200, kilichotolewa 1946 na Columbia University Press kwa jina lenye namba ile ya familia, imeandaliwa kwa ajili ya msomaji. Skechi za mkaa za Tanforan ni nzito, nyuso kubwa, mikono mikubwa, giza. Za kitabu ni nyepesi, zimepangwa, na karibu kila mchoro yeye mwenyewe yumo, pembeni kidogo, anaangalia, kuna mahali amekunja uso kuna mahali anatoa ulimi kabisa. Hilo la kujichora ndani ni la akili sana. Kila ukurasa unakuambia mimi nilikuwepo, macho haya ndo yaliona, usijifanye unaangalia kutoka juu mawinguni. Mwaka 1981 alipofika mbele ya tume ya serikali iliyokuwa inachunguza kufungwa kwa watu hawa, alikikabidhi kitabu chenyewe kama ushahidi, na tume hiyo ndo iliyozaa sheria ya 1988 ya kuomba radhi na fidia ya dola 20,000 kwa kila aliyekuwa bado hai.

Wa tatu ni Estelle Ishigo, na yeye hayuko Utah, karatasi zake zipo UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles. Mzungu, amezaliwa 1899, ameolewa na Arthur Ishigo, harusi walikwenda kufungia Tijuana Mexico kwa sababu sheria ya California ilikataza ndoa ya aina hiyo. Amri ilipokuja angeweza kubaki nje peke yake, akakataa, akaenda na mumewe hadi Heart Mountain, Wyoming, na huko mamlaka ya kambi ikamwajiri kuchora maisha ya kambini. Kwa hiyo una mtu aliyefungwa kwa hiari yake, analipwa na waliofunga, anachora baridi na makaa ya kugombania. Karatasi hizo utazisoma kama za mfungwa au kama za mwajiriwa? Ukiniuliza mimi, zote mbili kwa pamoja, na ndo maana nasema barua na karatasi zake nyingine zilizolala UCLA pamoja na michoro ni muhimu sawa na michoro.

Turudi kwa Sproul na vyuo. Chuo Kikuu cha California kimo kwenye hadithi hii kwa kila upande. Rais wake alitunza michoro ya mwalimu wake na aliwatetea wanafunzi hadharani, sawa. Wakati huo huo watafiti wa chuo hicho hicho, chini ya Dorothy Swaine Thomas, waliendesha utafiti mkubwa ndani ya kambi wakitumia vijana wenye asili ya Japan kuandika wanayoyaona kwa majirani zao, na majirani wengi waliwaona vijana hao kama wapelelezi. Nyaraka hizo zote zipo maktaba ya Bancroft pale Berkeley na watafiti wanazitegemea mpaka leo. Na wanafunzi kama 700 wa chuo hicho masomo yao yalikatizwa, shahada za heshima wamepewa 2009, wengi wakiwa wameshazikwa. Kwa upande mwingine Washington University ya St. Louis ilikubali kupokea vijana hawa, mtoto wa Obata, Gyo, akaenda huko kusomea usanifu majengo usiku mmoja kabla familia haijabebwa, na baba yake alipotolewa Topaz 1943 baada ya kupigwa ndo alikokimbilia. Gyo huyo huyo baadae alisanifu makumbusho ya ndege na anga ya mji mkuu, Washington.

Kwa hiyo chuo kinapopokea karatasi hizi kinapokea pia kumbukumbu za matendo yake chenyewe, mazuri na mabaya. Naona vyuo vimeanza kulifanyia kazi hili. Maonyesho makubwa ya Obata ya 2018 yaliandaliwa na makumbusho ya Chuo Kikuu cha California, tawi la Santa Barbara, yakaenda Utah, yakaenda mpaka Okayama alikozaliwa, yakarudi Sacramento na kumalizia Washington, na mwandaaji ShiPu Wang ni profesa wa chuo hicho hicho, tawi la Merced. Walichofanya cha maana ni kuweka kambi katikati ya maisha ya miaka karibu 90 badala ya kuiweka kama maisha yote.

Hatari iliyobaki ni soko. Mwaka 2015 jumba la mnada la New Jersey lilitangaza kuuza vitu kama 450 vilivyotoka kambini, michoro ya Ishigo imo, picha za watu na majina yao imo, vilivyokusanywa miaka ya 40 na mtafiti wa kazi za mikono Allen Eaton. Watu walimpa Eaton bure, wakiamini ni kwa ajili ya maonyesho ya kueleza yaliyotokea. Yeye alifariki 1962, mali ikapita mikono mingine, na warithi wakaona ni mali ya kuuza. Watoto na wajukuu walikuta sura za wazazi wao kwenye katalogi zenye bei. Kelele zilizopigwa mtandaoni, pamoja na tishio la kesi, zikausimamisha mnada siku chache kabla, na vitu vikaenda makumbusho ya taifa ya Wamarekani wenye asili ya Japan, Los Angeles. Kisheria muuzaji alikuwa na karatasi zake. Ila zawadi iliyotolewa na mtu aliyefungwa, ambaye hana hata sanduku la kubebea mali yake, kwa mgeni aliyekuja na ruhusa ya wakubwa wa kambi, hiyo unaiitaje zawadi kama zawadi nyingine?

Ukienda kuziona hizi kazi usishangae ukiambiwa nyingi zimefungiwa. Rangi za maji zinafifia kwa mwanga na karatasi ya bei rahisi ya wakati wa vita inageuka njano na kukatika, kwa hiyo taa inashushwa mpaka kama lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga) na baada ya miezi michache kazi inarudishwa gizani kupumzika. Nyingi utaziona kwa njia ya intaneti, na huko ndo maelezo yanapopotea, manake picha inanakiliwa na lebo inaachwa. Kabla hujasambaza tafuta vitu vitatu tu: tarehe ya kuchorwa kama imetofautiana na tarehe ya tukio, mchoraji alikuwa wapi siku hiyo, na karatasi ilitoka mkononi mwa nani kufika chuoni. Vikikosekana, waandikie makumbusho uwaulize, wanajibu.

Vile vitu vya Eaton kuanzia 2018 vilizungushwa mji kwa mji kwenye maonyesho ya kuhamahama, lengo likiwa watu waangalie sura na kusema huyu ni shangazi, huyu alikaa banda letu, mbao hii ameichonga baba. Watoto wa 1942 sasa wana miaka 80 na 90 na kitu, na kila anayetambua sura moja anaongeza mstari kwenye lebo ambao hakuna mtaalamu wa chuo angeweza kuuandika.